Kuni Tulizompelekea Mzee Hilary

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi kwenye uzinduzi wa viwanja vya wastaafu, Mahongole, Makambako

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Diwani wetu. Baba Mchungaji, na wewe Padre uliyetoka Uwemba alfajiri ukapita kwenye ukungu ule kwa imani tu, maana taa za gari lako tunazijua. Ndugu Mtendaji na wajumbe wa serikali ya mtaa. Wazee wa Kibena na wa Kikinga, na ninyi Wapangwa mliopanda kutoka Lupingu na samaki wa ziwani, ambao harufu yao imefika jukwaani kabla yenu. Ndugu zetu wastaafu ishirini na wawili mlioshuka jana jioni kwenye basi la kutoka Dar es Salaam mkiwa na mashati ya mikono mifupi. Mabibi na mabwana: kamwene!

Wageni nawasamehe, hamjui kujibu. Ila wenyeji, hiyo ndiyo sauti ya watu waliokunywa chai? Kamwene! Haya. Sasa nasikia watu.

Kwa wasionijua, ambao ni ninyi wageni peke yenu, maana kutoka hapa hadi Tunduma hata watu wa mizani wananijua: mimi ni Ebeneza Mgaya, na hapa wananiita Kapiri. Shule niliishia darasa la sita, na la sita lenyewe nililisoma nusu, nusu nyingine nilikuwa nachunga. Lakini lori nimeendesha miaka thelathini na moja. Nimelala Nakonde, nimeoga Lubumbashi, nimegombana na trafiki wa Harare kwa lugha ambayo wala yeye wala mimi hatukuijua, na bado nikashinda. Kwa hiyo msiniangalie suruali, niangalieni safari.

Ndugu Mtendaji ameniandikia hotuba. Kurasa nne. Jana nimeisoma mbele ya mke wangu, Mama Scola, akasinzia ukurasa wa pili. Neno “mkakati” limo mara kumi na saba, nimehesabu. Ndugu Mtendaji, ni hotuba nzuri sana, nimeiweka mfukoni upande wa moyo, na huko itabaki. Leo nina jambo la kusema kwa mdomo wangu mwenyewe, na nusu yake ni furaha, na nusu yake ni kosa langu. Nianze na furaha, ndiyo nyepesi kubeba.

Wazo hili la kuwaleta wastaafu lilianzia wapi? Wengi wenu mnadhani ofisini. Lilianza chini ya lori! Mwaka mmoja giaboksi ilinifia huko kusini mwa Durban, kwenye mji mdogo wa pwani, nikakaa siku tisa nikisubiri kipuri. Siku ya kwanza nikajiuliza: mbona mji huu hauna kiwanda, hauna mgodi, hauna hata mizani, na maduka yamejaa watu? Siku ya tatu nikamuuliza fundi. Akaniambia hawa wote unaowaona na kofia na vijibwa ni wastaafu. Walifanya kazi Johannesburg, wakachoka na kelele, wakahamia huku. Mji mzima unakula kwa sababu wazee wanapenda hewa. Mheshimiwa, nilirudi kulala chini ya lile lori, usingizi haukuja. Hewa! Yaani watu wanauza hewa! Na sisi Makambako tunayo ya kumwaga, tena ya baridi, nyama inakaa siku mbili juu ya meza bila friji!

Uchumi wa vitabuni siujui. Lakini nawauliza, kiwanda tumekiomba miaka mingapi? Watu wamekuja na ramani, wakala kuku wetu, wakapiga picha, wakaondoka na ramani yao. Mstaafu haji na ramani. Anakuja na mke wake, na kitanda chake, na pensheni inayomfuata kila mwezi kama mbwa anayemjua bwana wake. Hamnyang'anyi kijana ajira, kwa sababu ajira ameshaichoka. Anajenga, na fundi wetu anapeleka unga nyumbani. Anataka maziwa asubuhi, na Tabea pale, katibu wangu wa kamati, ambaye mwaka juzi alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye kikohozi, leo ana watatu na akinisalimia ananisalimia kwa mbali kidogo. Watoto wa mstaafu wanakuja Krismasi kumwona, na wanalala wapi? Wanalala Gesti ya Kapiri, maji ya moto muda wote, blanketi tatu kila kitanda, mkabala na stendi. Samahani Mheshimiwa, hilo lilinitoka.

Na barabara je? Ukisimama makutano yetu, unachagua: Dar, Mbeya, Songea. Treni ya TAZARA inapita hapa hapa. Hospitali zipo, makanisa yapo, viazi vipo, parachichi zipo mpaka zinadondoka juu ya mabati na kutuamsha. Mstaafu atakosa nini hapa? Joto tu. Na joto lenyewe amelikimbia!

Basi wa kwanza kutuamini alikuwa Mzee Hilary. Mzee, usisimame, kaa tu, wanakuona. Ni yule mwenye koti la kijivu, na pembeni yake ni shemeji yangu, Mama Jenifer, mke wake. Mzee Hilary kwao ni Muheza. Miaka thelathini na tisa ametengeneza lifti katika maghorofa ya Dar es Salaam. Mheshimiwa, kila mkubwa aliyefika juu pale mjini, huyu ndiye aliyemfikisha! Julai ya mwaka juzi akaja kujenga hapa, tena katika ile baridi ya Julai yenyewe, ambayo hata sisi tunailalamikia.

Nilimuuliza siku ya kwanza, “Mzee, kwa nini hukurudi kwenu?” Akanitazama juu ya miwani. “Kapiri, Muheza niliondoka nina miaka kumi na saba. Walionijua wamekufa. Waliobaki wananijua kama mchango wa msiba.” Akasema alipita hapa zamani kwa treni, usiku, akashusha dirisha, akavuta hewa, akajiambia siku moja. Siku moja hiyo ilichukua miaka arobaini.

Watu walicheka, nisiwafiche wageni. Fundi wa lifti, Makambako? Huku ghorofa zenyewe tunapanda kwa miguu! Wiki ya pili winchi ya kuvutia magogo kwenye kiwanda cha mbao cha Edson ikagoma. Edson, mnamjua, pia ana kitalu cha miche, ni mjumbe wa kamati yangu. Mafundi wawili walishaitazama, wa tatu alishakula hela akazima simu. Mzee Hilary akaja, akaweka sikio kwenye mota kama daktari anayesikiliza kifua, akasema, “Huyu haumwi, amechoka kufungwa vibaya.” Kabla ya chakula cha mchana winchi ilikuwa inavuta. Baada ya hapo ikawa mashine ya kusaga ya kanisa, kisha pampu ya shule, kisha redio ya mke wangu. Mtu mmoja! Ndiyo maana nilitembea mji huu kifua mbele nikisema: wastaafu waje, mimi Kapiri nimefungua mlango.

Na ninyi wageni ishirini na wawili mmekuja kwa sababu yake. Ninajua. Mna kikundi chenu kwenye simu, na Mzee Hilary ndiye mliyemtuma mbele apime maji. Sasa niwaambie jambo ambalo hakuwaambia, kwa ustaarabu wake: wiki tano zilizopita mzee huyu alikuja getini kwangu kuniomba lori la kurudisha vyombo vyake Dar es Salaam.

Naam. Kelele hizo nilizitarajia. Tulieni. Aliyesababisha ni mimi, na ndiyo ile nusu ya pili ya hotuba yangu.

Wageni, sikilizeni desturi yetu. Huku kwetu mtu akijenga nyumba mpya, mvua zikishanyesha vizuri tunaita msaragambo. Kila kaya inakuja na miche kumi ya paini na jembe lake, tunaipanda kwenye mpaka wa mwenye nyumba, yeye anachemsha viazi, tunakula, tunataniana, tunaondoka. Haiandikwi popote. Lakini mtu ambaye mtaa haujampandia, hata akae miaka ishirini, tunamwona mpangaji. Safu ya nyuma ya nyumba ya Tabea, zile paini kubwa, ni mkono wa marehemu baba yangu. Mtu ukimtafuta baba yangu, hapo ndipo alipo.

Basi kamati ikakaa kumjadili Mzee Hilary. Na Edson, kwa moyo mzuri kabisa, akasema, “Mwenyekiti, tufikirie. Paini ya mbao nzuri ni miaka kumi na minane. Mzee ana sitini na mitatu.”

Tabea akahesabu kwa vidole. “Themanini na mmoja.”



“Sasa si tutakuwa tunamwonyesha kaburi?” Edson akauliza.

Hapo nikasimama mimi, mtu wa mipaka kumi na mmoja, msomi wa barabara. Nikasema, “Sikilizeni, watoto. Mtu mzima hapewi kazi ya kusubiri. Mpelekeeni kuni. Kuni ni mti uliomaliza kusubiri.” Wakanipigia makofi! Wiki nzima nilikuwa nairudia sentensi ile peke yangu bafuni.

Jumamosi ya pili ya Januari tukampelekea trela zima la kuni za miwati, zimepasuliwa, tukazipanga barazani hadi usawa wa dirisha. Na blanketi mbili. Mzee akashukuru, mtu mwenye adabu. Kisha sote tukavuka uzio kwenda kwa jirani yake, kwa Praygod na Erica, maharusi wadogo ambao wameishi hapa miezi minne tu, tukaanza kuwapandia. Miche mia tatu. Vicheko, matope, mashindano ya nani anachimba haraka.

Mzee Hilary akaja nyuma yetu. Mkononi ana jembe jipya, lebo ya dukani bado iko kwenye mpini. Nikamkimbilia. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikamnyang'anya. “Mzee, pumzika! Umeshafanya kazi ya kutosha!” Erica akaleta kiti. Mtu akaleta mwavuli. Mtu akaleta chai. Tukamkalisha kando ya shamba kama mgeni rasmi. Samahani Mheshimiwa, hukukusudiwa. Na lile jembe lake likachimba mashimo ya watu wengine mpaka likaisha mng'ao, yeye akilitazama.

Jumatatu asubuhi akawa getini.

“Kapiri, nitafutie lori.”

“La kuleta nini, mzee wangu?”

“La kurudisha.”

Nikadhani utani. Nikamwambia, “Mzee, kuni zimekwisha?”

“Kuni zitabaki,” akasema. “Ndilo tatizo lenu. Mmenipa kitu cha kuota moto mpaka niishe. Pale Dar jirani hanijui jina, lakini hajanihesabia miaka. Ninyi mmekaa kikao mkanihesabia.”

Nikajitetea. Nilisema heshima, nilisema umri, nilisema mgongo. Nilisema maneno mengi, mnanijua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: “Nimewapandisha watu juu miaka thelathini na tisa, mimi nimesimama chini kwenye chumba cha mashine. Nilikuja hapa nisimame nao. Mmeniletea kiti.”

Jioni nikaenda kwake kubembeleza. Masanduku yalishatolewa. Mama Jenifer alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Nikaanza tena na mgongo, na umri. Akaniacha niseme, hakuinua macho.

“Shemeji, wewe una miaka mingapi?”

“Sitini na sita.”

“Mvua hizi umepanda?”

“Sana! Desemba, kule shambani.”

“Umepanda nini?”

“Paini. Mia nne.”

Akafunga kikombe kingine. “Sitini na sita na kumi na minane ni ngapi, shemeji?”

Ndugu zangu, mimi sikumaliza darasa la sita, lakini hesabu ile niliipata. Themanini na minne! Na mwaka huu nimepanda mia nne, na mwaka jana nilipanda mia tano, na hakuna siku hata moja niliyosimama shambani nikajiuliza nani atazikata. Mzee Yosefu, jirani yangu, ana miaka themanini kamili na juzi ananunua miche, tena anapunguziwa bei na anagomba bado ghali! Sisi watu wa huku hatujawahi kujihesabia. Tulipata wapi kipimo cha kumpimia mgeni? Nikasimama pale mlangoni nimeshika kofia. Nikamwambia tu, “Shemeji, ni mimi niliyekosea. Nipeni mpaka siku ya mkutano.” Mzee akajibu akiwa chumbani, “Sawa. Mlinikalisha mbele za watu, mseme mbele za watu.”

Basi nasema mbele za watu. Mzee Hilary, Mama Jenifer, tuliwakosea. Kamati haikukosea, kamati ilipiga makofi tu. Aliyesema ni mimi. Nilidhani nakuhurumia, kumbe nilikuwa nakutoa kwenye orodha ya walio hai. Nisamehe, kaka yangu. Nimeita watu maisha yangu yote kwa honi. Leo naita kwa mdomo.

Na ninyi wageni, sikieni, maana hili linawahusu kabla hamjalipia kiwanja. Mheshimiwa, na hili ndilo ningeomba liandikwe kwenye huo mkakati: tusiwaite wastaafu kwa ajili ya pensheni zao. Pensheni ikija peke yake, inakaa benki Njombe mjini, haisalimii mtu. Tuwaite watu. Na mtu anayekuja kwetu atapewa kile tunachojipa wenyewe. Kwa hiyo kuanzia leo, kila atakayejenga Mahongole, awe na miaka sitini au tisini, mtaa utampandia paini, na yeye atakuja kuwapandia wengine. Mwenye goti bovu atashika kamba ya mstari. Viti vitabaki kanisani na kwenye harusi. Kama ulikuja kutafuta mahali pa kutulia ukisubiri, nakuomba radhi, basi linarudi Dar kesho saa kumi na mbili asubuhi, na usiku huu utalala gesti kwangu bure kabisa. Lakini kama bado una kazi mikononi, tumekukosa sana hata kabla hatujakujua!

Naona yule baba wa mwisho pale ameanza kuvua saa. Polepole, baba, chakula kwanza!

Mzee Hilary, nikueleze na hili, nisije nikaonekana nimekuvizia. Jumamosi iliyopita, mlipokwenda Njombe kwenye miadi ya macho, tuliingia kwenu bila ruhusa. Mtaa mzima. Tumechimba mashimo mia tatu kwenye mpaka wako. Miche hatujaipanda, mche hautiwi kwenye ardhi ya mtu asiyetaka. Edson anayo kitaluni, ameimwagilia asubuhi hii. Na lori uliloniomba nalo limeshapatikana, nisingekudanganya katika jambo la lori. Ukitaka vyombo viende Dar, nitaendesha mimi mwenyewe, bila malipo, na nitalia njiani kuanzia Mafinga. Uamuzi ni wako na wa shemeji, na hakuna hapa atakayewanunia. Mvua bado zipo mpaka mwezi wa nne. Sikulazimishi kujibu mbele ya...

Anasimama. Jamani, nyamazeni, mzee anasimama. Sema, mzee wangu. Mpeni kipaza sauti. Hakitaki. Haya, sema tu, nitayarudia kwa walio nyuma.

Anasema... anasema ameyaona mashimo.

Anasema aliyaona tangu Jumapili asubuhi.

Anasema nani aliyeyachimba, kwa sababu yamebanana mno! Hatua mbili kutoka shimo hadi shimo, paini itapata wapi nafasi ya kunenepa? Anasema ni hatua tatu, na mstari wa upande wa barabara umepinda kama njia ya mlevi. Anasema... rudia, mzee... anasema mashimo yote mia tatu yafukiwe, tuanze upya, na safari hii kamba ataivuta yeye, na asionekane mtu na kiti.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya! Mchungaji! Padre! Nimeendesha lori nchi saba na sijawahi kufurahi hivi kwa kutukanwa! Mama Jenifer anacheka, mmeona? Shemeji, vikombe vile fungua, tutavihitaji, watu ni wengi! Edson, kimbia kitaluni!

Nilipewa dakika kumi, nimekula za Diwani na za Mtendaji, watanidai baadaye. Nawashukuru mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, akina mama waliopika tangu alfajiri, na ninyi ndugu zetu mliokuja na mashati mepesi kutuona. Makoti mtaazimwa. Majembe yapo ya kutosha. Asanteni kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Hotuba nyingine mtaisikiliza mkishashiba, mimi nawatangulia shambani.